Radi siku saba kwenye simu: paa livuliwe au lisivuliwe?

Baba mmoja wa Ruashi, mjini Lubumbashi, ameuliza hivi. Tuko wiki ya tatu ya Oktoba. Nyumba yake ina mita 9 kwa 8, mabati yameoza, na mapya yamelala ndani tangu Septemba. Simu inamwonyesha wingu lenye radi siku saba mfululizo: Jumatatu asilimia 20, Jumanne 30, Jumatano 40, Alhamisi na Ijumaa 60, Jumamosi 40, Jumapili 30. Fundi anataka kuvua paa lote Jumatatu asubuhi na kumaliza Jumanne jioni. Mama wa nyumba anasema wangoje kwanza mvua itulie. Baba anataka kujua amsikilize nani, na pia kama mahindi yanaweza kupandwa nyuma ya nyumba mvua ya kwanza ikishanyesha.

Baba, kazi ifanyeni wiki hii, ila paa lote lisivuliwe kwa mara moja. Oktoba ya Lubumbashi haigawanyiki katika siku nzuri na siku mbaya kama simu inavyoonyesha. Inagawanyika katika saa nzuri na saa mbaya, na saa hizo hujirudia karibu kila siku. Mkivua robo ya paa asubuhi na kuifunga kabla ya adhuhuri, mnaweza kufanya kazi hata katika wiki kama hii. (Saa zote ninazoandika ni kama simu inavyozionyesha: 13:00 ni saa saba mchana.)

Kungoja hakufai, na hapo simuungi mkono Mama, ingawa hofu yake ina msingi. Oktoba nzima hapa hupata wastani wa milimita 30 hivi za mvua. Novemba hupanda hadi kama 150, na Desemba hupita 250. Atakayengoja itulie atangoja hadi Aprili, na mabati yaliyooza hayatafika huko.

Sasa zile asilimia. Ukiona 40, maana yake ni hii: katika siku kumi zenye hewa kama ya siku hiyo, siku nne mvua itagusa mahali ulipo, hata kama ni matone ya kulowesha vumbi tu. Haisemi kwamba itanyesha kwa asilimia 40 ya siku, wala kwamba asilimia 40 ya mji italowa, wala kwamba mvua itakuwa ya wastani. Asilimia 20 inaweza kuleta dhoruba ya kung'oa mti, na asilimia 60 inaweza kuleta manyunyu. Na ile picha ya radi hutolewa na kompyuta iliyogawa dunia katika miraba: mraba wa modeli (yaani programu ya hesabu za hali ya hewa) ya Ulaya una upana wa kilomita 9 hivi, wa modeli ya Marekani kama 13. Wingu la ngurumo la kawaida lina upana wa kilomita 5 hadi 10. Kwa hiyo wingu lenyewe hupotea ndani ya mraba mmoja. Kompyuta inajua kwamba hewa ya leo inaweza kuzaa mawingu hayo, lakini haijui kama litasimama juu ya Katuba au juu ya Ruashi. Ndiyo maana mtaa mmoja hulowa chapachapa huku wa jirani vumbi likiendelea kuruka.

Upimeni mpango wa fundi kwa hesabu hiyo. Paa likilala wazi Jumatatu na Jumanne, uwezekano wa kukwepa mvua siku zote mbili ni 0.8 mara 0.7, yaani 0.56. Anaicheza nyumba yako karibu nusu kwa nusu. Na kinachoingia si kidogo. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa lako, ukiongeza ukingo wa nusu mita kila upande, linafunika mita 10 kwa 9, lakini vyumba vilivyo chini yake ni mita 9 kwa 8, yaani mita 72 za mraba. Dhoruba moja ya milimita 25, ambayo hapa inaweza kushuka kwa nusu saa, itakumwagia lita 1,800 ndani ya vyumba: bidoni 90 za lita 20. Kama kuta ni za matofali mabichi, maji yanayoshuka kutoka juu ya ukuta hulegeza udongo na kuumegua, na hapo shida yako haitakuwa paa tena.

Hewa ya wiki hii inageukageuka kwa sababu hewa mbili zinasukumana juu yenu. Kiangazi chote upepo hutoka kusini mashariki, nao ni mkavu, umebeba vumbi na moshi wa mioto ya porini. Kufikia Oktoba jua limepasha joto nchi za kusini, na hewa yenye unyevu ya bonde la Kongo inaanza kuvutwa huku ikitokea kaskazini magharibi. Mpaka kati ya hewa hizo mbili hausogei kwa hatua moja. Husukumwa kusini siku mbili tatu, hurudishwa nyuma, kisha husukumwa tena. Ukiwa upande wa kavu, unakaa na joto la 33 na nguo zilizofuliwa zinakauka haraka kwenye kamba. Mpaka ukishakupita, joto ni lilelile lakini shati linakunata mgongoni, na mchana mawingu yanasimama kama minara. Asilimia zako zinazopanda kuelekea Alhamisi na Ijumaa kisha kushuka zinaonyesha hewa yenye unyevu ikifika katikati ya wiki na kuanza kurudi nyuma mwishoni. Lakini siku zilizo mbali hubadilika sana. Ya Alhamisi usiiamini kabla ya Jumanne jioni.

Siku yenyewe pia ina mwendo wake. Jua linachomoza karibu 5:45. Ardhi inahitaji muda kupata joto, na mawingu madogo ya pamba huonekana kati ya 10:00 na 11:00. Yakikuta unyevu wa kutosha, yanapanda saa 12:00 na 13:00, na ngurumo huja zaidi kati ya 14:00 na 18:00. Baada ya 20:00 mengi hufa. Ila mara moja moja mawingu hujipanga mstari mahali pengine, yakatembea usiku na kuufikia mji saa 23:00 au hata 3:00. Kwa hiyo msilale na paa wazi, hata kama jioni ilikuwa na nyota.

Kwa kazi yenyewe, mteremko mmoja wa paa lako, likiwa na mwinamo wa digrii 15 hivi, una urefu wa mita 4.7 kutoka mgongo hadi ukingo wa chini. Mabati mawili ya mita 2.5 yanatosha, yakilaliana sentimita 20. Bati likifunika sentimita 75 baada ya kulazwa wimbi moja na nusu juu ya jirani yake, mnahitaji safu 14 kila upande: mabati 56. Robo ya paa ni safu 7, mabati 14, na mafundi watatu wanaimaliza asubuhi moja bila kukimbizana.

Mafundi wawe juu 5:45. Kama kuna umande kwenye mabati, wangoje hadi jua liukaushe. Bati lenye umande linateleza kama sabuni, na fundi akanyage palipo na misumari, penye mbao chini yake. Waondoe bati la mgongo la sehemu hiyo tu, wavue safu tatu, wakague mbao, wabadilishe zilizooza, wafunge safu hizo tatu kwa mabati mapya, ndipo wavue nne zilizobaki. Kwa namna hiyo upenyo wenu hauzidi mita 3 wakati wowote. Bati la chini hutangulia, la juu hulalia juu yake. Anzeni upande ambao upepo unaelekea, mrudi kule unakotoka, ili midomo ya mabati isiutazame upepo. Msumari upigwe kwenye mgongo wa wimbi, ukiwa na kofia na mpira wake. Ukipigwa kwenye bonde la wimbi, kila mvua itapita juu ya tundu hilo. Ukingoni mwa chini na kwenye mgongo wa paa, msumari kila wimbi la pili, kwa sababu hapo ndipo upepo huvuta kwa nguvu zaidi.

Sheria moja isivunjwe: baada ya 9:30, hakuna bati la zamani linalovuliwa tena. Kuanzia hapo ni kufunga tu, mpaka 11:30.

Panapoharibika mara nyingi ni pale bati jipya linapokutana na la zamani. Mawimbi yake hayalingani, kwa hiyo hata yakilaliana vizuri kunabaki mwanya, na upepo wa dhoruba husukuma maji humo yakipanda. Laza ukanda wa plastiki nene wa upana wa sentimita 60 chini ya kiungo hicho, kutoka mgongoni hadi ukingoni, kisha ubane kiungo kutoka juu kwa mbao nyembamba ndefu. Mgongo wa paa usiachwe wazi kusubiri siku ya mwisho. Rudisheni bati la zamani la mgongo kila adhuhuri kwa misumari michache.

Turubai la mita 6 kwa 6 liwe limekunjwa juu ya ukuta tangu asubuhi, si ndani ya stoo. Likihitajika, lipite mgongo wa paa kwa mita 1 nzima upande wa pili, vinginevyo maji yataingia kwa juu. Kingo zake zivingirishwe kwenye mbao na zifungwe kwa kamba kwenye kenchi. Kulizuia kwa matofali au mawe ni kosa kubwa: upepo unalinyanyua na mawe yanamwangukia mtu. Na lisilale bapa, kwa maana likijaza maji katikati, kila sentimita 10 za kina ni kilo 100 kwa mita ya mraba, nalo litachanika au litavunja mbao.

Mabati yaliyo chini nayo yafungwe. Mbele ya mvua ya ngurumo hutangulia upepo wa baridi unaoporomoka kutoka kwenye wingu: vumbi jekundu linasimama barabarani, joto linashuka ghafla, na matone ya kwanza huenda yakaja dakika 10 au 20 baadaye. Bati lako la mita 2.5 lina uzito wa kilo 7 hivi. Upepo wa kilomita 60 kwa saa ukilipiga bapa unalisukuma kwa nguvu ya kilo 30. Wa kilomita 80, zaidi ya kilo 50. Hakuna fundi anayeweza kulishika hilo akiwa juu ya mbao, na akijaribu litamkata mikono au litamrusha. Upepo ukianza, bati linaachiwa ndani ya nyumba, si nje, na fundi anashuka. Angalieni pia waya wa umeme unaoingia nyumbani. Bati refu linalogeuzwa na upepo halitabiriki.

Sasa jinsi ya kuamua kila siku. Jioni saa 20:00 au 21:00, fungua utabiri wa saa kwa saa, si ule wa siku nzima. Modeli ya Ulaya huanza kutoa hesabu zake za mchana kuanzia wakati huo kwa saa zetu. Tafuta mambo mawili. La kwanza ni mwelekeo wa upepo wa asubuhi. La pili ni halijoto ya umande, yaani kiwango ambacho hewa ikipoa hadi hapo huanza kutoa umande: ikiwa chini ya 10, hewa ni kavu na radi kwenye picha ni tishio dogo; ikiwa 16 au zaidi, mchana una kuni za kutosha za kuwasha ngurumo. Programu nyingine huonyesha pia CAPE, nguvu iliyo tayari kuinua mawingu: chini ya 500 ni dhaifu, kuanzia 1,000 ichukulie kwa uzito, na juu ya 2,500 msiguse paa. METTELSAT, shirika la taifa la hali ya hewa, likitoa tahadhari, hiyo inatangulia picha yoyote ya simu.

Asubuhi 5:30, toka nje kabla ya kuitazama simu. Nyasi kavu, anga jeupe kwa moshi na bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, halionekani vizuri kwa mbali: hewa bado ni ya kusini mashariki, fanyeni kazi. Umande mzito, anga limesafika, upepo mwepesi unatoka kaskazini magharibi: unyevu umefika, vueni safu tatu tu. Na kuna dalili moja ambayo wengi huipita: mawingu madogo ya juu, yamejipanga mstari, kila moja limeota vichwa kama meno ya msumeno, na bado ni saa 6:00. Hayo yanaonyesha kwamba hewa ya juu tayari iko tayari kupanda hata kabla ya jua kufanya kazi. Siku hiyo dhoruba huwahi. Mimi paa nisingelifungua.

Safu tatu za kwanza zikishafungwa, na kabla ya 9:30, tazameni tena. Kama hakuna wingu au kuna mawingu bapa kama maandazi yaliyokosa hamira, endeleeni. Kama mawingu ya pamba yameshaanza na yanakua, msivue zile safu nne. Saa 11:00, wingu lolote ambalo kimo chake kimeupita upana wa kitako chake ni mnara unaoendelea kukua. Picha za satelaiti ya Meteosat huja kila baada ya dakika 10 au 15, na zinasaidia kujua dhoruba iliyo mbali inaelekea wapi: inayokwenda kilomita 30 kwa saa na iko umbali wa kilomita 30 itawafikia baada ya saa moja. Lakini msitegemee picha peke yake, kwa maana wingu jipya linaweza kuzaliwa juu yenu kwa nusu saa.

Siku inayofuata dhoruba kubwa huwadanganya watu. Asubuhi anga limefunikwa na mabaki ya mawingu, kuna baridi kidogo, na fundi anasema mvua imekwisha. Mawingu hayo huchelewesha jua, si kulizuia. Yakifunguka saa 11:00 juu ya ardhi iliyolowa, mnaweza kupata ngurumo saa 17:00, kuchelewa kuliko kawaida lakini kwa nguvu ileile.

Kwa asilimia ulizoniletea, ningevua Jumatatu na Jumanne asubuhi, yaani mteremko mmoja wote. Jumatano ningefanya robo ya tatu kama nyasi na anga vinakubali. Alhamisi na Ijumaa mafundi wabaki chini, wakate mbao, wanyooshe bati la mgongo. Jumamosi robo ya nne, kisha mgongo wote.

Radi ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko maji. Mtu aliye juu ya kenchi ndiye kitu kirefu kuliko vyote kiwanjani. Si bati linaloita radi, ni kimo. Ukiona mwako, hesabu sekunde hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kilomita 1. Ikifika 30 au chini, dhoruba iko ndani ya kilomita 10, na radi inaweza kuruka umbali huo hadi mahali ambapo jua bado linawaka. Wote washuke, hata kama zimebaki safu mbili. Turubai litandazwe juu ya paa tu kama kamba zake zilikwisha kuandaliwa na ngurumo bado ni ya mbali. Wasikae chini ya mwembe, wala barazani, wala ndani ya nyumba hiyo iliyo wazi. Waende nyumba ya jirani iliyokamilika au ndani ya gari la bodi ya chuma, wasiguse mabomba wala vyombo vilivyochomekwa kwenye umeme. Kazi irudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho, na kila ngurumo mpya inaanzisha hesabu upya.

Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Hili lisemwe kwa sauti, kwa kuwa watu hufa wakiwa wamezungukwa na majirani wanaoogopa kuwagusa, au wanaobishana nani ameituma. Mguse mara moja. Kama hapumui, mlaze chali juu ya sakafu ngumu na ubonyeze katikati ya kifua kwa mikono miwili, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha, huku mwingine akitafuta gari la kwenda hospitali.

Kuhusu mahindi: mvua ya ngurumo ya Oktoba si mvua ya kupandia. Inaotesha mbegu, kisha hewa kavu inarudi wiki mbili na mche unakauka ukiwa na majani matatu. Kipimo kinachotumiwa ni milimita 25 ndani ya siku kumi, zikifuatwa na angalau 20 katika siku ishirini zinazofuata. Hizo ishirini za mbele huwezi kuzijua, lakini kufikia nusu ya pili ya Novemba hewa yenye unyevu huwa imeshakaa. Pima kwa kopo lenye ukuta ulionyooka, liwekwe mahali pa wazi mbali na paa na miti, na rula ya mtoto wa shule: kina cha maji kwa milimita ndiyo mvua yenyewe. Lisome kila asubuhi 6:00 kabla jua halijakausha maji, uandike, ulimwage. Liweke Jumatatu hii, kabla mafundi hawajapanda.